Sakafu ya mbao: mashine ya ngoma, ya mkanda, ya mtetemo au grinda, ipi itakuachia uso laini?

Majuzi niliitwa kwenye nyumba moja Kilimani nikaangalie sakafu ambayo fundi mwingine alikuwa ameshaimaliza na kulipwa. Mchana ilionekana safi. Jioni, jua lilipolala na kuingia kupitia mlango wa varanda, sebule nzima ikajaa hilali: alama za nusu duara, mamia kwa mamia, kila moja na upana wa kiganja, zimefungiwa chini ya vanishi tatu zinazong'aa. Mama mwenye nyumba aliniuliza jambo moja tu: "Fundi, hizi zinatoka?" Nikamwambia, "Zinatoka, mama, lakini kwa kuanza upya." Sakafu ile ilikuwa imepigwa msasa kwa grinda.

Mtu anayetaka kufufua sakafu ya mbao huuliza bei kwanza, kisha siku, halafu habari ya mashine anamwachia fundi. Naomba uugeuze utaratibu huo, uulize mashine kwanza. Kila mashine ya msasa ina alama yake inayoiacha kwenye mbao, hakuna isiyoacha. Sakafu laini ni ile ambayo alama ya mwisho kuachwa ni ndogo mno kwa jicho kuiona, na ambayo alama zote za kabla yake zimefutwa kweli, hazikufunikwa.

Kwanza, unasimama juu ya mbao gani?

Nyumba nyingi za zamani za Nairobi zina parkei: vibao vidogo vilivyogundishwa juu ya zege, vingine vimepangwa kama mkeka, vitano vikielekea huku na vitano kule, vingine kama mifupa ya samaki. Vingi ni vya muhuhu. Huu ni mti wa kwetu, bado umo kwenye misitu ya Karura na Ngong, na Arabuko-Sokoke kule pwani, na wachonga vinyago wa Kikamba wanaujua kuliko mtu yeyote. Hautoi mbao ndefu, lakini kwa vibao vifupi hauna mpinzani, maana ni mgumu na mzito: mita moja ya ujazo ya muhuhu mkavu hukaribia au kupita kilo 900. Una mafuta yenye harufu tamu inayokaribia sandali. Mashine ikianza kazi nyumba nzima inanukia, na mimi harufu hiyo naipenda mpaka leo, ingawa mafuta hayohayo ndiyo yanayoziba msasa kabla haujachakaa.

Nyumba za mashamba za zamani huko bara utakuta zina mbao ndefu za mtarakwa, laini, zinazoonyesha kila kosa. Tanzania utakutana zaidi na mninga, mkongo, mvule na msaji.

Kwa nini nayasema haya kabla ya mashine? Kwa sababu mbao ndefu zina nyuzi zinazoelekea upande mmoja, na mkwaruzo unaofuata nyuzi hujificha ndani yake. Parkei haina upande. Mashine inayokwenda kwa mstari itafuata nyuzi za nusu ya vibao na kuzikata kwa ubavu nusu iliyobaki, na mkwaruzo uliokata nyuzi hauhitaji mtaalamu kuuona.

Kisha kuna unene. Parkei ya mtindo wa mkeka mara nyingi ilikuwa na milimita 8 tu siku ilipobandikwa. Kazi kamili ya msasa hula nusu milimita hadi milimita nzima. Tafuta kibao kilicholegea, kwa kawaida karibu na kizingiti au chini ya dirisha lililowahi kuvuja, king'oe na ukipime kwa rula. Kikiwa na milimita 5, mashine nzito isiingie ndani ya nyumba hiyo. Zile sakafu mpya za mbao za tabaka, ambazo mbao halisi ni ngozi ya juu ya milimita 2 hadi 4, usizipelekee ngoma kabisa. Na lamineti si mbao ya kupigwa msasa: juu yake ni picha iliyochapwa, ukiikwangua imekwisha.

Grinda

Nimeanza nayo kwa kuwa iko kwenye mfuko wa kila fundi. Grinda ya inchi nne na nusu huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika. Sahani yake ni ndogo, na ukiilaza bapa inakurusha, kwa hiyo mtu huiinamisha, na kinachogusa mbao ni ukingo peke yake. Kila mguso unachimba kibakuli. Fundi mwenye mkono mtulivu atachimba vibakuli vifupi vinavyofanana, lakini ni vibakuli bado. Kwa ngazi, kwa kizingiti, kwa nafasi iliyo nyuma ya bomba, iitumie. Kwa sebule nasema hapana, na sijaona bado mtu wa kunibadilisha mawazo.

Ngoma na mkanda

Hizi mbili watu huzichanganya kwa sababu zinafanana kwa nje. Zote unazisukuma ukiwa umesimama, zote zina upana wa kukata wa inchi 8 hivi, zote zina mfuko wa vumbi nyuma. Zitazame chini ya tumbo. Kwenye ngoma, karatasi ya msasa inazungushiwa silinda, na ncha zake mbili zinachomekwa kwenye ufa na kubanwa. Ufa huo unapita juu ya mbao yako kila mzunguko. Karatasi ikikaa legelege, au ncha ikitokeza hata kidogo, utasikia mlio wa kugongagonga, na mbao itapata mawimbi madogo yaliyopangana kama bati. Kwenye mashine ya mkanda, msasa ni duara lililofungwa linalozunguka kwenye roli mbili, na hakuna mahali pa kugonga. Inayojulikana zaidi ni Hummel ya Lägler kutoka Ujerumani: mkanda wa milimita 200 kwa 750, na uzito unaokaribia kilo 80. Kuipandisha ghorofa ya tatu ni adhabu, lakini uzito huo ndio unaoituliza juu ya sakafu.

Ngoma ina haki yake. Ni rahisi kuipata ya kukodi, na karatasi zake unaweza kuzikata mwenyewe kutoka kwenye roli. Kwa kuondoa vanishi nene au kusawazisha mbao zilizopishana, inafanya kazi kwa saa chache. Tatizo ni kwamba haimsamehe mtu. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na ngoma ya kukodi chumbani kwa mteja. Aliniita, nikageuza kichwa, miguu ikasimama, ngoma ikaendelea kula. Hazikutimia sekunde mbili. Nilipoinua palikuwa na bonde la upana wa ngoma ambalo ungeweza kulaza sarafu ndani yake isitokeze. Nililisawazisha kwa kushusha sakafu mita mbili kila upande, kazi ya mchana mzima, na hata leo nikiingia chumba kile mguu wangu unajua lilipo.

Mwendo ni mmoja kwa zote mbili, na asiyeuweza asiziguse: anza kutembea, ndipo ushushe, inua, ndipo usimame. Ushushe taratibu kama ndege inayotua. Kila mpito ulalie nusu ya mpito uliotangulia. Na usiisukume kwa nguvu ukidhani itakata zaidi. Ukiona unasukuma, msasa umekufa, badilisha.

Mawimbi yakitokea, kabla ya kulaumu mkono wako kagua mashine. Geuza magurudumu uyapapase kwa kidole: punje ya vanishi iliyoganda kwenye gurudumu moja inatosha kuirusha mashine kila linapozunguka. Beringi zilizochoka hufanya vivyo hivyo. Na kagua waya. Mashine hizi hula umeme mwingi, na ukiunganisha ekstensheni nyembamba ya mita 30, volti zinashuka njiani, mota inakosa nguvu, ngoma inapunguza kasi kila inapokutana na kibao kigumu. Waya nene na mfupi ni sehemu ya ulaini, ingawa hakuna anayeihesabu.

Kati ya hizi mbili mimi nachukua mkanda kila ninapoupata. Lakini sikiliza: hata mkanda, ukiwa peke yake, hautakumalizia parkei. Utakusawazishia. Mistari yake itabaki imekata nusu ya vibao.

Mtetemo na sahani tatu

Hapa ndipo ulaini unapotoka, na hapa ndipo watu wanapobana pesa.

Mashine ya mtetemo ina bamba la mstatili, kwa kawaida sentimita 30 kwa 45, lenye sponji chini yake na msasa chini ya sponji. Bamba halizunguki; linatetemeka kwa viduara vidogo sana. Ukisimama nayo mahali pamoja haichimbi. Mtu ambaye hajawahi kushika mashine yoyote anaweza kujifunza ndani ya nusu saa, na mikwaruzo yake haina mwelekeo, kwa hiyo kibao kilicholala huku na kilicholala kule vyote vinatoka sawa. Ubaya wake ni mwendo wa kobe. Vanishi nene ya miaka mingi itakula karatasi nyingi mno kabla haijaonyesha mbao. Pia haisawazishi: ile sponji inafuata bonde na kilima, inavilainisha vyote viwili na kuviacha palepale vilipo.

Mashine ya sahani tatu, kama TRIO ya Lägler, ni nduguye mkubwa. Sahani tatu za milimita 200 zinazunguka kila moja peke yake, na kichwa kinachozibeba kinazunguka pia. Ni nzito, inasawazisha kuliko mtetemo, na alama yake imevurugika kiasi kwamba jicho halipati mstari wa kuufuata. Kwa parkei sijapata chombo bora kuliko hiki. Si kila mji utaipata, na kodi yake inauma.

Zote zina kosa lao moja: vikia. Ni mikwaruzo midogo iliyojikunja kama mkia wa nguruwe, inayosababishwa na punje moja kubwa iliyonaswa chini ya msasa. Punje hiyo aghalabu imetoka kwenye msasa mkali wa hatua iliyopita. Kwa hiyo kila unapobadilisha namba ya msasa (namba ikipanda, punje zinakuwa ndogo), fyonza vumbi sakafu yote, kwenye kona na juu ya dirisha pia, kisha pangusa chini ya bamba. Kufagia hakutoshi, ufagio unahamisha punje tu.

Mashine ya polishi, ile ya duara inayotumika ofisini na hospitalini, ina nafasi nyembamba lakini ya kweli. Ukiiwekea wavu wa msasa namba 120 au 150, inakwaruza vanishi iliyofifia vya kutosha kushika vanishi mpya, bila kufika kwenye mbao. Ikiwa sakafu yako imechoka sura tu na haina mikwaruzo mirefu, huenda hiyo ndiyo kazi yote unayohitaji. Sharti ni moja: pasiwe na nta. Nyumba nyingi zetu zilipigwa polishi ya kopo kila Jumamosi kwa kipande cha blanketi, na vanishi haishiki juu ya nta. Ifute kwanza kwa tapentaini na matambara, madirisha yakiwa wazi. Usiitumie mashine hii kuondolea vanishi kwenye mtarakwa. Inakula sehemu laini za mbao na kuacha mistari migumu imesimama, ukipita peku unaihesabu.

Mashine ya pembezoni yenye sahani ya inchi 7 huwezi kuikwepa, kwa sababu hakuna mashine kubwa inayofika ukutani. Inaacha viduara. Ukimaliza nayo pitia ukanda huo kwa mtetemo mdogo wa mkononi kwa namba ileile uliyomalizia katikati ya chumba, la sivyo sebule itakuwa na fremu ya rangi tofauti pande zote nne. Kona zenyewe ni za kikwangulio na mkono.

Namba za msasa

Unaweza kuwa na mashine bora ukaharibu kazi kwa kuruka namba. Punje za msasa namba 36 zina ukubwa wa nusu milimita hivi. Za namba 60 ni kama robo milimita, za 80 ni moja ya tano, za 120 ni moja ya nane. Kazi pekee ya kila namba ni kufuta mabonde ya namba iliyotangulia. Ukitoka 36 ukarukia 100, unasugua vilele tu, mabonde yanabaki, na sakafu kavu itakudanganya kwamba imekuwa laini. Vanishi ya kwanza ndiyo itakayosema ukweli, na wakati huo umeshachelewa.

Kwa muhuhu ulionyooka mimi huanza 40, kisha 60, 80, namaliza 100 au 120. Hatua za mwanzo natumia msasa wa zirkonia au wa seramiki, wenye punje ngumu zaidi, kwa sababu msasa wa kawaida kwenye mbao ngumu hivi unateleza na kuchoma badala ya kukata. Sipiti 120. Ukiendelea mpaka 180 kwenye mbao ngumu unaanza kuisugua iwe kioo, na vanishi inakosa mahali pa kushika.

Kuna vipimo viwili visivyogharimu kitu. Kabla ya kila namba, chora penseli ovyoovyo sakafu nzima. Ambapo alama imebaki, mashine haijagusa. Na kabla ya vanishi, zima taa, laza tochi sakafuni imulike kwa ubapa. Kila kitu ambacho jua la jioni lingekuja kukuonyesha, tochi itakuonyesha sasa.

Tahadhari moja kwa parkei ya zamani: chini yake mara nyingi kuna gundi nyeusi ya lami. Mashine ikipasha joto mahali pamoja, lami inalainika, inapanda kwenye viungo na kupaka msasa wako weusi unaoupeleka chumba kizima. Punguza presha, badilisha karatasi mapema. Na vibao vikiwa vimetoka na gundi yenyewe iko wazi, usiipige mashine. Baadhi ya gundi nyeusi za zamani zilichanganywa na asbesto.

Basi uchague ipi?

Parkei iliyonyooka, vanishi imechakaa: sahani tatu mwanzo mwisho, na ya pembezoni. Usipoipata, mkanda kwa namba 60 ukiupeleka mshazari wa digrii 45, ili usipendelee upande wowote wa vibao, halafu mtetemo kwa 60 tena, 80 na 100. Ile 60 ya pili usiiache. Ndiyo inayofuta mistari ya mkanda.

Mbao ndefu zilizobinuka kingo: hakuna njia ila mkanda, au ngoma kwa fundi aliyeizoea. Pita mshazari kidogo kwanza mpaka vilele viishe, kisha nyoosha na nyuzi. Kwa mbao ndefu za mninga au mvule zilizopigwa vizuri na mkanda mpaka 100, mtetemo ni wa kuongeza uzuri tu, unaweza kuishi bila huo. Kwa mtarakwa anza na 60, mkono mwepesi.

Unafanya mwenyewe kwa mara ya kwanza: mtetemo. Kodi siku mbili badala ya moja, nunua karatasi maradufu ya unavyodhani. Ndugu walio Marekani wanaikuta kwenye maduka ya kukodisha vifaa, imesimama kando ya ngoma, na wanashawishika na ngoma kwa sababu inamaliza haraka. Chukueni mtetemo. Na msinunue mashine ya huko kuileta nyumbani bila kutazama volti. Za kule ni 120, zetu ni 230 na kitu.

Pesa zinatosha mashine moja ya maana, na fundi anataka kuja na grinda: mwambie kusawazisha kuwe kwa wastani, lakini ile ya kumalizia iwe mtetemo. Kibonde kidogo chini ya kochi hutakiona. Hilali utaziona kila jioni.

Kuhusu vumbi, sina utani nalo. Tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na vumbi la mvule huwasha ngozi na kuchochea pumu kwa baadhi ya watu. Kitambaa cha kujifunga puani hakitoshi, nunua barakoa ya vumbi inayobana uso. Watoto na wazee wahame kwa siku hizo. Na mfuko wa mashine usilale ndani ya nyumba: unga wa mbao uliochanganyika na vanishi unaweza kujipasha joto wenyewe ukashika moto saa kadhaa baada ya mafundi kuondoka. Umwage nje, mbali na ukuta, kabla hujanawa mikono.